Hana Malaria, Ana Nini? Barua ya Wazi kwa Waziri wa Afya

Mheshimiwa Waziri,

Kuanzia Septemba 2007 hadi Agosti 2008, watafiti katika hospitali mbili za Moshi, KCMC na Mawenzi, waliwafuatilia wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa kali. Walichukua damu yao, wakaiotesha, wakaitazama kwa hadubini, kisha wakawaomba warudi baada ya wiki kadhaa watoe damu kwa mara ya pili. Madaktari wa wodini walikuwa wamewaandikia 528 kati yao kuwa wanaumwa malaria. Vipimo vilipokamilika, waliokuwa wakiumwa malaria kweli walikuwa 14. Takwimu hiyo imerudiwa mara nyingi tangu ilipochapishwa mwaka 2013, na kwa kawaida hurudiwa ili kuonyesha jinsi malaria ilivyokuwa ikikisiwa kupita kiasi. Ndani ya utafiti uleule, hata hivyo, kuna jambo ambalo kwangu ni zito zaidi. Kati ya waliopimwa magonjwa ya bakteria yanayotoka kwa wanyama, kama mgunda, brusela, homa ya Q na riketsia zinazoenezwa na kupe, zaidi ya robo walikutwa nayo. Wengine 55 walikuwa na kirusi cha chikungunya. Na katika mafaili ya kulazwa ya wagonjwa wote hao, hakuna hata faili moja ambamo daktari alikuwa ameandika lolote kati ya magonjwa hayo, hata kama dhana tu ya kufuatilia.

Tangu Shirika la Afya Duniani liliposhauri mwaka 2010 kwamba kila anayeshukiwa kuwa na malaria apimwe kwanza ndipo apewe dawa, nchi yetu imefanya kazi kubwa. Kipimo cha haraka, ambacho watumishi wenyewe hukiita mRDT, kimefika hadi kwenye zahanati zisizo na umeme wala hadubini. Tone la damu kidoleni, dakika chache za kusubiri, na mama anaambiwa mwanawe hana malaria. Dawa mseto inabaki kabatini kwa ajili ya anayeihitaji. Ila kipimo hicho kinajibu swali moja, na mama akishajibiwa anauliza la pili: kama si malaria, ni nini? Kwa swali hilo zahanati haina cha kumwambia. Hospitali ya wilaya kwa kawaida haina. Hata hospitali ya rufaa ya mkoa, kama mgonjwa hatokwi damu wala hajafa pamoja na jamaa zake watatu, haina utaratibu wa kulifuatilia. Ombi langu, Mheshimiwa, ni kwamba wizara yako iifanye homa isiyo malaria kuwa jambo linalochunguzwa mwaka mzima, katika hospitali chache zilizochaguliwa, kwa sampuli zinazochukuliwa kwa mpango na kupimwa hapa nchini, na mkazo mkubwa uwe kwenye virusi, kwa kuwa ndivyo vinavyotuponyoka zaidi.

Tazama kinachotokea leo baada ya kipimo kusema hapana. Tabibu ana foleni nje ya mlango, na dawa alizonazo ni za aina chache. Mgonjwa amesafiri, ana homa, na hawezi kurudishwa mikono mitupu. Basi inaandikwa UTI. Au inaandikwa taifodi, mara nyingi kwa kutegemea kipimo cha Widal, kilichobuniwa mwaka 1896, ambacho humtangaza kuwa na taifodi hata mtu ambaye mwili wake uliwahi tu kukutana na bakteria wa ukoo huo siku za nyuma. Kisha inafuata antibayotiki. Uchambuzi mmoja uliochapishwa mwaka 2017, uliokusanya taarifa za zaidi ya wagonjwa laki tano kutoka nchi kadhaa, Tanzania ikiwemo, ulionyesha kwamba kati ya waliopimwa wakakutwa hawana malaria, asilimia 69 walipewa antibayotiki. Kati ya waliokutwa nayo, ni asilimia 40. Zanzibar, mwaka 2011, watoto 677 wenye homa walichunguzwa kwa kina. Asilimia 74 walikuwa wamepewa antibayotiki, na vipimo vilipotoka ilionekana waliozihitaji ni asilimia 22. Simlaumu tabibu. Alifundishwa kwamba asiache homa bila tiba, nasi tukampa kipimo cha ugonjwa mmoja katika nchi yenye homa za makumi ya aina.

Je, homa hizo zinatokana na nini hasa? Kwa watoto wasiolazwa tunayo picha nzuri kutoka Dar es Salaam na Ifakara, ambako mwaka 2008 watoto 1,005 wenye homa walipimwa kwa karibu kila kipimo kilichopatikana wakati ule. Asilimia 70.5 walikuwa na ugonjwa wa virusi. Wenye ugonjwa wa bakteria walikuwa asilimia 22. Malaria ilikutwa kwa karibu mtoto mmoja katika kila kumi. Sehemu kubwa ya virusi hivyo ni vya njia ya hewa, vya mafua na kifua, ambavyo mtoto hupona kwa kunywa maji ya kutosha na kuangaliwa na mama yake. Kwa hiyo watoto wengi kati ya wanaomezeshwa antibayotiki wanamezeshwa dawa ambayo haigusi kinachowaumiza, huku bakteria waliomo miilini mwao wakijifunza kuikwepa. Tunapolalamika kwamba dawa za kawaida zimeanza kushindwa wodini, mlango mmojawapo wa tatizo hilo uko hapa, kwenye kirusi ambacho hakikutambuliwa.

Pwani yetu ina historia ndefu ya homa zinazobeba jina la jirani. Mwaka 1870 homa ya kuvunja viungo ilienea Unguja. Tabibu James Christie, aliyekuwa akifanya kazi huko, aliandika kwamba wenyeji waliijua kwa jina la kidinga pepo, na kwamba wazee waliikumbuka homa ya namna hiyo kutoka miaka ya 1820. Wapo wanahistoria wa tiba wanaoamini kwamba neno dengue, ambalo leo linatumika dunia nzima, lilizaliwa katika jina hilo la Kiswahili, likavuka bahari hadi visiwa vya Karibi na kubadilishwa na ndimi za huko. Sisi wenyewe bado tunasema kidingapopo. Lakini mwaka 1971 mtafiti Donald Carey aliyapitia upya maelezo ya wakati ule na kuona kitu ambacho dengue haina kawaida ya kufanya: maumivu ya viungo yaliyobaki muda mrefu baada ya homa kwisha. Hoja yake ilikuwa kwamba ile ya Unguja ilikuwa chikungunya. Kama ni hivyo, ulimwengu unauita ugonjwa mmoja kwa jina tulilolitoa kwa mwingine.

Kosa hilo lingejirudia Newala. Mwaka 1952 homa ya kuwakunja watu ilienea katika vijiji vya uwanda wa juu wa Makonde, na Marion Robinson, daktari aliyeieleza, aliona kwamba kwa dalili peke yake haikuwa rahisi kuitofautisha na dengue. Kilichoitenga ni damu. R. W. Ross, wa taasisi ya utafiti wa virusi ya Entebbe, alikipata kirusi katika damu ya mgonjwa mwaka 1953, na kikapewa jina la Kimakonde, chikungunya, lenye maana ya kujikunja. Miaka sita baadaye ikaja Uganda homa nyingine ya viungo, o'nyong-nyong, jina la Kiacholi, iliyowapata watu wapatao milioni mbili kabla haijapungua. Waweke wagonjwa wa homa hizi tatu kwenye benchi moja nje ya chumba cha daktari, na daktari hodari hatawatenganisha kwa macho. Na kuwatenganisha si suala la elimu ya vitabuni. Dengue na chikungunya hubebwa na Aedesi, mbu anayeuma mchana na kuzaliana kwenye matairi, makopo, vyungu vya maua na matangi ya maji majumbani mwetu. O'nyong-nyong hubebwa na Anofelesi, mbu yuleyule wa malaria, anayeuma usiku. Halmashauri inayogawa vyandarua kwa ajili ya homa ya mbu wa mchana inatumia fedha pasipostahili, na haiwezi kujua hivyo mpaka mtu aipime damu.

Kwa sasa tuna njia moja tu ya uhakika ya kuvigundua vimelea vya namna hii, nayo ni kusubiri vijitangaze kwa vifo. Julai 2022, wilayani Ruangwa mkoani Lindi, watu walianza kuugua homa na kutokwa damu puani. Vipimo viliondoa Ebola, Marburg na Korona, na jibu likaja kuwa mgunda, ugonjwa wa bakteria wa leptospira. Wagonjwa walikuwa 20, watatu wakafariki. Taifa liliushangaa kama ugonjwa mgeni, ilhali watafiti wa Moshi walikuwa wameukuta kwa wagonjwa 40 wodini miaka kumi na minne kabla. Machi 2023 ikawa zamu ya Bukoba Vijijini. Kwanza tuliambiwa kuna ugonjwa usiojulikana, kisha tarehe 21 ya mwezi huo likatajwa jina la Marburg, kwa mara ya kwanza katika historia ya nchi. Watu tisa waliugua, sita wakafa. Napenda niseme wazi kwamba kazi iliyofanyika Kagera, ya kutambua kirusi kile ndani ya siku chache na kukizuia kisitoke mkoani, inastahili heshima kubwa. Inathibitisha pia kwamba uwezo upo. Ninachouliza ni kwa nini uwezo huo usubiri jamaa wa nyumba moja wafe ndipo uamshwe. Nchini Guinea, mtoto anayedhaniwa kuwa mgonjwa wa kwanza wa Ebola alikufa kijijini Méliandou Desemba 2013, na kirusi kikatambuliwa Machi 2014. Katika miezi ile mitatu homa hiyo ilitembea ikidhaniwa kuwa magonjwa ya kawaida. Hatimaye watu zaidi ya 11,000 walipoteza maisha katika Afrika Magharibi.

Ninachopendekeza ni kidogo kuliko kinavyosikika. Chagua hospitali saba hivi, kwa kufuata jiografia na si kwa kufuata ukubwa: moja Kilimanjaro, moja Kagera, moja Mbeya, moja bonde la Kilombero, moja Lindi au Mtwara, moja Dar es Salaam, na moja katika wilaya ya wafugaji kaskazini. Kila wiki, kila hospitali ichukue damu na ute wa pua wa wagonjwa kumi wenye homa waliokutwa hawana malaria. Hao ni wagonjwa 3,640 kwa mwaka. Wasichaguliwe kwa kuwa wameonekana wa ajabu; wachaguliwe kwa zamu, masika na kiangazi, pakiwa na mlipuko na pasipokuwa nao, kwa sababu hatuwezi kujua kisicho cha kawaida kama hatujui cha kawaida kikoje. Sampuli zipimwe kwanza kwa orodha ya virusi tunavyovijua, yaani dengue, chikungunya, homa ya bonde la ufa, homa ya manjano, mafua na jamaa zake. Zile zinazobaki bila jibu, au baadhi yake, zisomwe vinasaba vyote vilivyomo, ili hata kirusi ambacho hakuna aliyekifikiria kipate nafasi ya kuonekana. Mwaka 2007 wilayani Bundibugyo, Uganda, vipimo mahsusi vya aina za Ebola zilizojulikana vilipita bila kuitambua homa iliyokuwa ikiua watu, kwa kuwa ilikuwa ya aina mpya. Usomaji wa vinasaba ndio uliompa kila mtu uhakika.

Kuna suala la siku ambalo huharibu tafiti nyingi, nami naomba lisidharauliwe. Kirusi cha dengue au cha chikungunya huonekana katika damu kwa siku tano hivi za mwanzo, kisha hutoweka. Kingamwili, yaani askari ambao mwili huwatengeneza dhidi yake, huanza kuonekana karibu na siku ya nne au ya tano. Sasa fuata safari ya mgonjwa wetu wa kawaida. Siku ya kwanza na ya pili anakunywa dawa ya kutuliza maumivu kutoka duka la dawa muhimu. Siku ya tatu yuko zahanati. Siku ya sita au ya saba, homa ikiwa bado, ndipo anafika hospitali, na kipimo cha kutafuta kirusi chenyewe kinatoka safi. Mtu asiyejua ataandika kwamba hakuna virusi, wakati kirusi kilikuwepo na kimeondoka. Dawa ya tatizo hili ni ya zamani na watafiti wa Moshi waliitumia: mgonjwa arudi baada ya wiki kadhaa, atoe damu tena, na kingamwili za mara ya pili zilinganishwe na za mara ya kwanza. Zikiwa zimepanda mara nne au zaidi, tumempata mhusika. Bila sampuli ya pili, mpango mzima utakuwa na mashine nzuri na majibu nusunusu.

Nitaambiwa, na nimeona hoja hii ikitolewa na watu wenye nia njema, kwamba virusi vingi havina dawa, hivyo kulijua jina hakumsaidii mgonjwa. Kwa mgonjwa mmoja mmoja hoja hii ni nusu kweli. Hakuna kidonge cha kuua kirusi cha dengue. Lakini anayejulikana kuwa na dengue hapewi aspirini wala diklofenaki, ambazo humzidishia hatari ya kutokwa damu. Anaangaliwa siku ile homa inaposhuka, ambayo familia huiona kuwa ya kupona na ambayo kumbe ndiyo ya hatari. Anaongezewa maji kwa kipimo. Kwa uangalizi huo, vifo vya dengue kali hushuka hadi chini ya asilimia 1. Halafu dengue ina aina nne, na anayeugua aina moja baada ya kuwahi kuugua nyingine yuko karibu zaidi na ugonjwa mkali. Mwaka 2010 aina ya tatu ilikutwa kwa wasafiri waliotoka kwetu, na mlipuko wa Dar es Salaam wa mwaka 2014 ulikuwa wa aina ya pili. Kujua aina zilizopita na inayokuja ni kujua mapema kama wodi zitajaa. Homa ya manjano ina chanjo ya dozi moja inayolinda maisha yote, lakini hakuna anayepeleka chanjo mahali ambapo ugonjwa haujatambuliwa. Na wahudumu wa afya? Kagera mwaka 2023 wawili waliambukizwa Marburg, mmoja akafariki. Rwanda, mwaka 2024, wagonjwa walikuwa 66 na wengi wao walikuwa wafanyakazi wa afya. Hao walimgusa mgonjwa wa homa wakidhani wanajua ana nini.

Hoja ya gharama ni ya kweli na haiwezi kufutwa kwa maneno, hasa sasa ambapo fedha za wafadhili zinapungua. Ndiyo maana siombi kila zahanati ipewe mashine. Janga la Korona lilituachia vifaa vya kupima vinasaba na watu waliofundishwa kuvitumia. Mashine zinazopima kifua kikuu zipo hadi wilayani. Sampuli za VVU na makohozi ya kifua kikuu husafirishwa kila wiki kutoka vituoni kwenda maabara kubwa, na kikasha chenye barafu kinachobeba hizo kinaweza kubeba na zetu. Tunayo Maabara ya Taifa ya Afya ya Jamii, tunayo NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, tunayo Chuo Kikuu cha Sokoine pale Morogoro, ambacho wataalamu wake wanazijua homa za wanyama kuliko wengi wetu. Kinachokosekana ni kazi ya kudumu inayoviunganisha vyote hivi siku ambazo hakuna dharura. Na gharama za antibayotiki zinazotolewa bila sababu tunazilipa tayari, kila siku, kupitia Bohari ya Dawa na mifukoni mwa wagonjwa.

Pingamizi ninaloliheshimu kuliko yote linatoka kwa wanasayansi wenyewe. Kumkuta mtu na kirusi, wanasema, si sawa na kuthibitisha kwamba ndicho kinachomuuguza. Wana haki. Pua ya mtoto mwenye afya njema inaweza kubeba virusi viwili au vitatu bila hata chafya. Katika utafiti ule wa Zanzibar walipimwa pia watoto wasio na homa, na baadhi ya vimelea vilikutwa kwao karibu sawa na kwa wagonjwa. Vingine, kama virusi vya mafua, vilionekana waziwazi kuambatana na ugonjwa. Bila watoto wale wazima kulinganisha nao, vyote vingehesabiwa kuwa wahalifu. Tatizo la pili ni ukoo. Kingamwili za dengue hushikana na za Zika, za homa ya manjano na za West Nile, na za chikungunya hushikana na za o'nyong-nyong, hivi kwamba kipimo kimoja kinaweza kuwataja ndugu watatu kwa mpigo, na inabidi kirusi hai kipambanishwe na damu ya mgonjwa maabara ili kujua nani hasa alipita. Hata kipimo chetu cha malaria kina udhaifu wa namna hii. Protini kinachoitafuta hubaki mwilini wiki kadhaa baada ya vimelea kufa, na katika maeneo yenye malaria nyingi mtu mzima anaweza kuwa na vimelea vichache vya kudumu huku homa yake ikitoka kwingine kabisa. Hoja hizi zote zinatuonya dhidi ya uchunguzi wa haraka haraka, wa kuchukua damu mara moja wakati wa taharuki na kutangaza cha kwanza kinachoonekana. Kwa mpango wa kudumu, wenye sampuli mbili kwa kila mgonjwa na watu wasio na homa wa kulinganisha nao, hoja hizohizo ni sababu ya kuuanzisha. Naomba basi kila kituo kiongeze watu wawili au watatu kwa wiki wasio na homa, kwa ridhaa yao na kwa kibali cha kamati za maadili.

Wapo watakaohofia kwamba macho yakielekezwa kwenye virusi, malaria itasahauliwa. Haifai isahauliwe; ripoti za karibuni za Shirika la Afya Duniani zinaitaja Tanzania katika kundi dogo la nchi zinazobeba zaidi ya nusu ya vifo vyote vya malaria duniani. Mwishoni mwa 2024, huko Panzi katika jimbo la Kwango, Kongo, dunia nzima ilishtushwa na ugonjwa usiojulikana, wagonjwa 406 na vifo 31 katika taarifa ya kwanza. Vipimo vilipofika, malaria na magonjwa ya kifua kwa watoto wenye utapiamlo ndiyo yaliyoonekana kubeba lawama. Kituo kinachopima homa mwaka mzima kingekuwa cha kwanza kusema: hii ni malaria, leteni dawa mseto na chakula. Kutafuta virusi kwa utaratibu ni pamoja na kujua mapema pale ambapo havimo.

Kuhusu hofu ya kuwatisha watu na watalii, tuna somo la karibu. Tarehe 14 Januari 2025 Shirika la Afya Duniani lilitoa taarifa ya washukiwa wa Marburg wilayani Biharamulo. Wizara ikasema sampuli zilizopimwa hazikuonyesha kirusi hicho. Tarehe 20 Rais Samia Suluhu Hassan, akiwa Dodoma pamoja na mkuu wa shirika hilo, akatangaza kwamba mgonjwa mmoja amethibitishwa. Sioni sababu ya kumtuhumu mtu kwa siku zile sita; sampuli hasi na sampuli chanya zinaweza kufuatana, kama nilivyoeleza. Lakini wananchi walibaki kati ya kauli mbili, na katikati hapo ndipo uvumi hukaa. Kama kungekuwa na taarifa ya kila mwezi inayosema tumepima homa ngapi, wapi, na tumekuta nini, tangazo la kirusi kimoja lingeingia kwenye masikio yaliyozoea kusikia habari za namna hiyo. Kinachotisha ni jina linaloibuka peke yake gizani.

Liko pia suala la sampuli kwenda nje, ambalo lina uchungu wake. Kirusi cha West Nile kilitolewa katika damu ya mwanamke wa Uganda mwaka 1937, Zika katika kima aliyewekwa kwenye msitu wa Zika mwaka 1947, chikungunya katika damu ya mtu wa Newala. Maarifa yalizaliwa kwenye miili ya watu wetu, na vitabu vikaandikwa kwingine. Njia ya kuliponya hilo si kuacha kupima. Sampuli isiyochukuliwa haimlindi yeyote, na ile inayochukuliwa wakati wa dharura ndiyo inayosafirishwa haraka zaidi, kwa masharti ya mwenye mashine. Taasisi ya Entebbe, iliyoanzishwa na wageni mwaka 1936, leo inaongozwa na Waganda na ni miongoni mwa zinazotegemewa Afrika nzima kwa kuzithibitisha homa kama hizi. Ilifika hapo kwa kupima mfululizo, miaka nenda miaka rudi, hata pale ambapo hakuna mlipuko uliokuwa ukiandikwa magazetini.

Zahanati na vituo vya afya viko chini ya TAMISEMI, mifugo iko kwa wizara nyingine, na Zanzibar ina wizara yake ya afya, kwa hiyo najua huwezi kuagiza haya peke yako. Ofisi ya Waziri Mkuu inalo dawati la Afya Moja lililoundwa kwa kazi ya namna hii hasa. Homa ya bonde la ufa, iliyotambuliwa kwanza karibu na Naivasha mwaka 1931, huanza kwa kondoo na ng'ombe kutupa mimba baada ya mvua kubwa, na ilipoenea Kenya na Tanzania mwaka 2006 na 2007 wafugaji waliiona zizini kabla hospitali hazijaiona wodini. Taarifa ya bwana mifugo na ya mganga mkuu wa wilaya ziwekwe kwenye meza moja, kila wiki. Na Zanzibar, ambako malaria imeshuka sana na homa isiyo na jina ndiyo inayobaki, ialikwe tangu mwanzo.

Ukiwaita wataalamu wako kuandaa bajeti ya mpango huu, Mheshimiwa, watakuletea orodha yenye majokofu ya nyuzi 80 chini ya sifuri, vitendanishi, mashine na mafuta ya magari. Yote yanahitajika. Nakuomba utafute humo mstari mmoja ambao kwa kawaida haumo: nauli ya mgonjwa aliyekwishapona kurudi hospitali baada ya wiki tatu kutoa ile damu ya pili. Mkulima aliyepona ana shamba lake, na hatapanda basi kwa fedha yake kwenda kuchomwa sindano kwa ajili ya elimu ya taifa. Usipouona mstari huo, rudisha makaratasi yaandikwe upya.